Kutafuta fedha za mradi wa afya kwa wakimbizi Wakongo walioko Marekani: mwongozo kamili kwa vyama vidogo

Karibu kila mji wa Marekani wenye Wakongo wengi, uwe Louisville, Dayton, Boise, Des Moines au Portland ya Maine, una mama mmoja au wawili ambao simu zao hazilali. Ndio wanaopigiwa mtoto akipata homa usiku. Ndio wanaomsomea jirani maandishi ya chupa ya dawa, na ndio wanaompeleka mjamzito kliniki kwa gari lao na mafuta yao. Hospitali inawajua. Mashirika ya kupokea wakimbizi yanawajua pia, na yakiandika andiko la mradi wa "afya inayozingatia utamaduni" huwataja. Fedha zikija zinalipa mratibu, ofisi na vipeperushi, na yule mama anabaki kuitwa mtu wa kujitolea.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya chama kidogo kinachotaka kuomba fedha hizo chenyewe. Nasisitiza jambo moja kuliko yote: utamaduni uwe na mstari wake kwenye bajeti. Chakula, lugha, mtu wa kushika watoto, usafiri na mshahara wa mama anayeaminika, kila kimoja kiwe na bei yake. Kisichoandikiwa bei hakilipwi, na baada ya miezi michache waliokuwa wanakibeba bure wanachoka na mradi unakufa.

Hali ya fedha ilivyo

Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea zaidi ya wakimbizi 100,000. Wakongo ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote, karibu 20,000, wengi wao wakiwa wamekaa miaka mingi kwenye kambi na makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kakuma. Kisha amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 ikasimamisha mpango wa kuwapokea, na mashirika ya mapokezi yakapunguza wafanyakazi. Waliokwisha kufika bado wapo, na presha zao, mimba zao na usiku wao usio na usingizi.

Fedha za serikali kuu kwa wakimbizi, basi, zinaweza kukatwa katikati ya mwaka. Ziombeni, lakini zisiwe za kwanza wala zisiwe pekee. Kwa chama kinachoanza, fedha zilizo karibu zaidi ziko kwenye hospitali ya mji wenu, kituo cha afya cha jamii na mifuko ya hisani ya eneo lenu.

Hatua ya 1: Chagueni tatizo moja na watu mnaoweza kuwataja kwa majina

"Kuboresha afya ya wakimbizi" hakuna anayelifadhili. "Presha na kisukari kwa mama 30 wa Kikongo wenye umri wa miaka 45 na zaidi katika mtaa wetu" linafadhilika, kwa sababu mfadhili anaona watu, idadi na mwisho wa kazi.

Kabla ya kuchagua, kaeni na makundi matatu, kila moja peke yake: akina mama, wazee wanaume, na vijana. Mkiwachanganya, vijana watanyamaza na akina mama watawaachia wazee kusema. Msiwaulize mnaumwa nini tu. Waulizeni nini kinawazuia. Hapo ndipo mtasikia kwamba wengi wanafanya kazi zamu ya usiku kwenye viwanda vya nyama au maghala na wanalala kliniki ikiwa wazi, kwamba barua za miadi zinakuja kwa Kiingereza, na kwamba bibi haelewi mkalimani wa simuni kwa sababu anaongea Kibembe au Kifuliiru na Kiswahili chake ni cha sokoni.

Baadaye nendeni kliniki inayowahudumia mkaombe takwimu moja isiyo na majina: kati ya wagonjwa wanaoongea Kiswahili, ni wangapi hawakufika kwenye miadi mwaka uliopita? Kliniki huandika lugha ya mgonjwa kwenye faili, kwa hiyo takwimu hiyo wanayo. Ina uzito mkubwa kwenye andiko, maana miadi iliyokosekana ni hasara kwao, na ninyi mtakuwa mmekuja na njia ya kuipunguza. Kwa maelezo ya jumla kuhusu magonjwa na historia ya watu wetu, CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, ina wasifu wa afya ya wakimbizi Wakongo ambao mnaweza kuunukuu bure.

Hatua ya 2: Wekeni sawa uhalali wa chama

Kwa kawaida mfadhili haandiki hundi kwa jina la mtu. Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kusajili chama katika jimbo lenu, kupata namba ya kodi ya EIN ambayo ni bure, kisha kuomba hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Chama kinachotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, chenye mali isiyozidi dola 250,000, kwa kawaida kinaweza kutumia fomu fupi ya 1023-EZ yenye ada ya dola 275. Ile ndefu ni dola 600. Majimbo mengi yanataka pia usajili wa kuchangisha fedha kwa umma, kwa hiyo ulizeni ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo kabla ya kuanza kuomba.

Ya pili ni kufanya kazi chini ya shirika mlezi, lile ambalo Wamarekani huliita fiscal sponsor. Ni shirika lenye 501(c)(3) tayari, linalopokea fedha kwa niaba yenu, linatunza hesabu na kukata asilimia yake, mara nyingi kati ya 5 na 10. Kwa mwaka wa kwanza naipendekeza njia hii bila kusita, mradi makubaliano yawe kwa maandishi: nani anaamua matumizi, malipo yanatoka baada ya siku ngapi, na chama kikipata hadhi yake fedha zilizobaki zinahamaje.

Kuna jambo linaloua vyama vyetu kimyakimya. Ukiwa na 501(c)(3) lazima uwasilishe taarifa IRS kila mwaka hata kama hukuingiza senti. Kwa chama kidogo ni ile ya 990-N, inajazwa kwenye intaneti kwa dakika chache, na tarehe ya mwisho ni siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa hesabu kuisha. Chama kisipowasilisha miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutwa yenyewe. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja kwa jina, na mtu wa pili wa kumkumbusha.

Hatua ya 3: Jueni fedha zilipo

Anzeni na hospitali. Tangu sheria ya afya ya 2010, kila hospitali isiyo ya faida inatakiwa kufanya tathmini ya mahitaji ya afya ya jamii kila baada ya miaka mitatu, kusikiliza watu wanaowakilisha jamii, wakiwemo wasiofikiwa na huduma, kuiweka ripoti hadharani na kutoa mpango wa utekelezaji. Isipofanya inaweza kutozwa dola 50,000. Ingieni kwenye tovuti ya hospitali yenu, fungueni ripoti hiyo na tafuteni maneno "refugee", "Swahili" na "Congolese". Yakiwemo, mna hoja ya kuiambia hospitali: "ninyi wenyewe mmeandika kuwa watu hawa wana shida, sisi tuna njia." Yasipokuwemo mna hoja kubwa zaidi, na ombi lenu la kwanza ni kuketi mezani tathmini inayofuata itakapofanywa. Ulizeni ofisi inayoshughulikia "community benefit", yaani mchango wa hospitali kwa jamii, si idara ya uchangishaji. Hizo ni ofisi mbili tofauti, na ya pili kazi yake ni kutafuta fedha, si kutoa.

Pili ni vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu chini ya kifungu cha 330 cha sheria ya huduma za afya ya umma, vile vinavyotoza kulingana na kipato. Sheria inataka angalau asilimia 51 ya wajumbe wa bodi wawe wagonjwa wa kituo hicho. Naomba msomaji atulie hapa. Mama wa Kikongo anayetibiwa pale anaweza kukaa kwenye bodi inayoamua saa za kufungua, wakalimani na bajeti. Nafasi hiyo inaweza kuzaa matunda kuliko ruzuku yoyote ya mwaka mmoja, nasi huwa hatuiombi kwa sababu hatujui kuwa ipo.

Tatu ni mifuko ya hisani. Ile binafsi inatakiwa kugawa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka, na fomu yake ya 990-PF inaorodhesha kila shirika lililopewa na kiasi chake. Mnaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica. Msiishie kwenye tovuti ya mfuko na maneno yake mazuri. Nendeni kwenye orodha mwone kama umewahi kuwapa watu wa ukubwa wenu, katika mji wenu, kwa kiasi mnachotaka. Kama ruzuku ndogo kuliko zote ni ya dola 200,000, muda wenu utumieni kwingine. Maktaba nyingi za umma zina programu ya Candid ya kutafuta wafadhili, na mkutubi atawaonyesha bila malipo. Mji wenu pia unaweza kuwa na mfuko wa jamii wenye ruzuku ndogondogo na fomu rahisi.

Nne ni jimbo. Fedha za kukuza afya ya wakimbizi kutoka ORR, ofisi ya serikali kuu ya makazi mapya ya wakimbizi, hupitia majimboni au kwa mashirika yaliyoteuliwa badala yake, na hapo ndipo kuna mratibu wa afya ya wakimbizi. Mwandikieni barua pepe fupi, mjitambulishe, muulize ni nani anapewa sehemu ya fedha hizo. Kuna pia mpango wa ORR wa kusaidia vyama vya kikabila vijitegemee, unaoombwa moja kwa moja kupitia Grants.gov. Kwa huo mtahitaji usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaoomba fedha zake, na namba ya UEI ya kuutambulisha chama. Usajili huo ni bure, unahuishwa kila mwaka, na mara tu mkijisajili mtaandikiwa na kampuni zinazotaka mamia ya dola kuwafanyia kazi hiyo. Msilipe.

Mwisho ni Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Baadhi ya majimbo, kama Minnesota, na California tangu Julai 2022, hulipia kazi ya wahudumu wa afya wa jamii. Hizo si fedha za kuanzia, kwa sababu zinataka mafunzo yanayotambuliwa na mshirika mwenye leseni ya kutoza. Lakini ukimpeleka mama kwenye mafunzo hayo mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu kliniki inaweza kumwajiri.

Hatua ya 4: Tengenezeni bajeti yenye utamaduni ndani yake

Chukueni ule mradi wa presha wa mama 30. Huu ni mfano wa hesabu, badilisheni bei kulingana na mji wenu.

Wahudumu wawili wa afya wa jamii, saa 8 kwa wiki kila mmoja, wiki 40, dola 20 kwa saa: 12,800.
Kodi ya mwajiri ya asilimia 7.65, kwa kukadiria: 980.
Kutafsiri, kurekodi sauti na kuhakiki: 1,200.
Chakula, vikao 20 kwa dola 90: 1,800.
Usafiri, vikao 20 kwa dola 80: 1,600.
Walezi wawili wa watoto, vikao 20 vya saa 3, dola 18 kwa saa: 2,160.
Vipimo vya presha vya kukaa navyo nyumbani, 30 kwa dola 40: 1,200.

Jumla ni dola 21,740. Shirika mlezi likikata asilimia 10, wengi huongeza asilimia 10 juu yake, wanapata 23,914 na kuziomba hizo. Lakini mlezi hukata kwenye jumla yote iliyoingia, kwa hiyo mtabaki na 21,523 hivi na kupungukiwa dola 217. Njia sahihi ni kugawa kwa 0.9: ombeni 24,156.

Mstari wa chakula ndio unaokatwa kwanza, maana mfadhili anauona kama sherehe. Uelezeni kama sehemu ya tiba. Kipeperushi cha kisukari chenye picha ya brokoli na uji wa shayiri hakimsaidii mtu anayekula fufu, sombe (majani ya muhogo) yenye mawese na makayabo (samaki wa chumvi). Kwenye kikao chenu mama anaonyesha kwa mikono yake: donge la fufu la ukubwa gani kwa mlo mmoja, makayabo yanalowekwa na kubadilishwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke, mchemraba wa mchuzi unapunguzwa vipi bila chakula kupoteza ladha. Watu wanakionja. Andikeni kwenye maelezo ya bajeti: "viungo vya somo la mapishi". Na kwa fedha za serikali, ulizeni kwa maandishi kama chakula kinaruhusiwa kabla ya kununua.

Mstari wa lugha nao una mtego. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria, Title VI ya sheria ya haki za kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010, kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Msitumie ruzuku yenu kulipia mkalimani wa chumba cha daktari. Fedha zenu ni za mambo ambayo sheria haiwapi: ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa wasiosoma, kwa Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, na mzee mmoja kutoka kila kundi wa kusikiliza na kusema kama umeeleweka.

Kuhusu mshahara, wapeni wahudumu malipo halali yenye makato. Bahasha ya "asante" inaleta matatizo ya kodi. Kabla ya kumwajiri mama, kaeni naye mhesabu kipato hicho kitagusaje bima yake ya Medicaid na msaada wa chakula wa nyumba yake. Anayeshtukizwa na barua ya kukatiwa atawaambia wenzake, na hamtapata mwingine.

Hatua ya 5: Zungumzeni kwanza, andikeni baadaye

Pigeni simu au ombeni dakika 20 na afisa wa mfuko kabla ya kuandika chochote. Semeni ninyi ni nani, watu gani, tatizo gani, kiasi gani, kisha ulizeni kama inafaa kuendelea. Jibu la "hapana" kwa simu linawaokoa wiki nzima ya kazi.

Kwenye andiko, msianze na vita. Maafisa wengi wa mifuko wamesoma kurasa za mateso ya Kivu, na watu wetu si mateso tu. Anzeni na mnachokifanya tayari. Hesabuni kwa mwezi mmoja: simu zilizopokelewa, watu waliosindikizwa, saa zilizotumika. Daftari la kawaida linatosha. Halafu onyesheni kwamba kazi hiyo ipo, inafanyika bure, na kwa kiasi hiki itafika mbali zaidi. Barua ya kuungwa mkono kutoka kliniki isiwe ya sifa tupu. Iseme kitakachotolewa: muuguzi mmoja saa mbili kila mwezi, chumba, au njia ya haraka ya kupokea mtu aliyekutwa na presha ya hatari. Bila hilo la mwisho msianze kupima watu.

Afya ya akili na ukatili wa kingono

Hapa mwende polepole. Kuna dodoso linaloitwa RHS-15, lililotengenezwa Seattle mahsusi kwa wakimbizi, la kutambua dalili za sonona, wasiwasi na kiwewe. Ni zuri, lakini kumuuliza mtu maswali hayo bila kuwa na pa kumpeleka ni kumfungua kidonda na kuondoka. Pateni kwanza mtaalamu aliyekubali kwa maandishi kuwapokea watakaohitaji.

Msiite kikao "kwa waathirika". Hakuna atakayevuka mlango huo mbele ya majirani. Kikundi cha kushona, cha kusuka au cha kusali, chenye mhudumu aliyefunzwa na siku inayojulikana, kinawafikia wanawake ambao ofisi ya ushauri haitawaona kamwe. Kwenye andiko mwelezeni mfadhili hivyo waziwazi: jina la nje ni kikundi cha kushona, kazi ya ndani ni hii, na sababu ni usalama wao. Vyerehani viwemo kwenye bajeti. Mfadhili akidai picha za washiriki na "simulizi za kugusa moyo", kataeni, na andikeni katazo hilo kwenye makubaliano. Kwenye karatasi zenu tumieni namba badala ya majina, na orodha ya majina ikae kwa mtu mmoja.

Hatua ya 6: Fedha zikiingia

Hundi isainiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Risiti ipigwe picha siku ileile. Wajumbe waonyeshwe hesabu kila mwezi, kwa Kiswahili, maana minong'ono ya "wamekula pesa" imevunja vyama vingi kuliko ukosefu wa pesa.

Pimeni vitu vichache: wangapi wamekuja, wangapi wana daktari wao sasa, presha ilikuwa ngapi mwanzoni na ngapi mwezi wa sita, miadi mingapi imekosekana. Kuna kimoja cha kuongeza sasa hivi. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 mkimbizi ambaye bado hana green card hatastahili Medicaid ya kawaida inayolipiwa na serikali kuu. Mkimbizi anatakiwa kuomba green card baada ya kukaa mwaka mmoja, lakini wapo wanaochelewa kwa kukosa msaada wa fomu. Kwa hiyo muulizeni kila mshiriki, na ambaye hajaomba mpelekeni kwa wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali. Msimjazie fomu wenyewe. Ni kazi ya sheria, lakini matokeo yake ni dawa ya presha isiyokatika, na mfadhili wa afya ataelewa mkimweleza hivyo.

Ombi la kuendelea lipelekwe miezi minne kabla ya fedha kuisha, pamoja na matokeo ya nusu mwaka, hata yale yasiyopendeza. Wakati huohuo ulizeni hospitali tathmini yake ijayo inaanza lini. Tarehe hizo mbili ziandikwe kwenye kalenda ya chama siku mnayosaini mkataba wa kwanza, na jina la atakayezifuatilia liandikwe pembeni.